Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Kwa wiki mbili mfululizo mimi nilikuwa mkurugenzi wa shirika la ndege. Ofisi yangu ilikuwa baraza ya nyumba yetu hapa Tandika, kiti changu kilikuwa cha plastiki na mguu wake mmoja umefungwa waya, na mwombaji kazi wangu alikuwa mmoja tu, mtoto wa mjomba, ambaye kwa kuwa amenizidi miaka minne namwita braza. Braza ni rubani. Nasema ni rubani kwa sababu leseni anayo, ndege ndiyo hana. Mjomba aliuza shamba lake la Kisarawe, minazi na mikorosho yote, akampeleka Afrika Kusini kusomea urubani. Aliporudi na saa 212 za kuruka kwenye daftari lake, akakuta mashirika yanataka watu wenye saa 1,000, 1,500 na kuendelea. Akakaa miaka miwili. Kisha simu ikalia: aje kwenye usaili.

Basi kila jioni baada ya kula aliniletea karatasi nne alizoandika kwa mkono, maswali kushoto, majibu kulia, akavaa shati jeupe, akatoka mpaka nje ya uzio na kubisha hodi upya kama mgeni. Mimi nikamkaribisha kwa sauti nzito. Mama huko jikoni alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ndege inakimbia kwenye njia ya kurukia," nikasoma, "mara injini moja inazimika. Unafanya nini?"

"Nimeshapita V1 au bado?"

"Haijaandikwa."

"Basi wewe ni mhoji mbovu, bwana mdogo. Bila hilo hakuna jibu."

Akanieleza. V1 ni kasi ambayo marubani huikokotoa kabla ya kila safari, kwa kuangalia uzito wa ndege, urefu wa njia, joto na upepo. Injini ikizimika kabla hujaifikia, unafunga breki. Ukishaipita, unaendelea hata kama injini moja imekufa. Unapaa na hiyo iliyobaki, na mambo mengine mtayamaliza mkiwa hewani, kwa maana njia iliyobaki mbele haitoshi tena kusimama. Nilipenda sana habari hiyo, nikaiandika kwenye daftari langu la riwaya. (Naandika riwaya ya rubani. Ina sura tatu. Usinicheke, ndugu msomaji.)

Swali jingine lilinishangaza: "Eleza siku uliyotofautiana na kapteni wako." Mimi nilidhani jibu zuri ni kwamba hujawahi kutofautiana naye, wewe ni kijana mwenye adabu. Kumbe hilo ndilo jibu la kukosa kazi. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Tenerife, visiwa vya Canary, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu zikiwa chini, wakafa watu 583. Kapteni wa ndege moja alikuwa ameanza kukimbia ili apae bila ruhusa. Fundi wake wa ndani ya ndege aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani, akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, akanyamaza. Tangu enzi zile wasaili wanataka kujua kama wewe ni mtu wa kunyamaza.

Tulikwenda vizuri namna hiyo mpaka tulipofika kwenye fomu.

Fomu ilikuwa na kurasa tano, na pale mwisho, baada ya elimu na leseni na afya ya macho, palikuwa na kisanduku: je, unaye ndugu au jamaa anayefanya kazi katika kampuni hii? Mtaje. Braza alisema hicho kimewekwa kuzuia upendeleo. Mama, aliyekuwa ameketi mkekani akichambua mchele, akasema upendeleo gani, hicho ndicho kisanduku chenyewe, hayo mengine ni mapambo. Akamkumbusha yule mzee tunayesali naye, ambaye mkwewe yuko palepale, idara ya uhasibu. Liandikwe jina la mkwe.

"Shangazi," braza akasema, "nataka wanipime kwa saa zangu."

"Saa mia mbili hizo?"

Hakuna aliyecheka. Braza akafunga fomu, kisanduku kiko vilevile, cheupe. Ndipo nikamweleza habari za Marlon Green, na nitakueleza na wewe, maana nilipokuwa nikimweleza usiku ule nilikuwa sijui kama namtia moyo au namvunja.

Marlon Green alizaliwa mwaka 1929 katika mji mdogo wa El Dorado, jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtu Mweusi, na Arkansas ya wakati ule ilikuwa na shule za Weusi na shule za Wazungu, viti vya Weusi na viti vya Wazungu, yote kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1948 alijiunga na jeshi la anga. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Rais Harry Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi wa rangi jeshini, na kwa sababu hiyo kijana wa El Dorado aliweza kukaa kwenye usukani wa ndege akiwa na Wazungu kulia na kushoto. Alikaa jeshini miaka tisa, akafikia cheo cha kapteni. Alirusha ndege za injini mbili, na huko Japani alirusha ndege ya uokoaji aina ya Albatross, ile inayoweza kutua majini kama bata. Alipotoka mwaka 1957 daftari lake lilikuwa na zaidi ya saa 3,000.

Nilipofika hapo braza aliguna. Saa 3,000 kwa mtu kama yeye ni kama kumtajia mwenye njaa pilau ya harusi.

Lazima nieleze jambo moja ili ueleweke uzito wa alichofanya Green. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashirika ya ndege ya Marekani yalichota marubani kutoka jeshini. Ndilo lililokuwa bomba lao. Na watu Weusi walikuwamo ndani ya bomba hilo: pale Tuskegee, Alabama, kati ya mwaka 1941 na 1946 walifunzwa marubani Weusi karibu elfu moja, na wengi walipigana vitani Ulaya. Waliporudi, mashirika makubwa ya abiria hayakumpa hata mmoja kiti cha mbele. Waliambiwa habari za kubeba mizigo na kusafisha. Mwishoni mwa mwaka 1956 kampuni ya helikopta ya New York Airways ilimwajiri Perry Young, mtu Mweusi aliyewahi kuwa mwalimu hukohuko Tuskegee, na watu wakaanza kusema milango inalegea. Vilevile tume ya serikali ya jimbo la New York ilikuwa inayabana mashirika yaache ubaguzi. Habari za namna hiyo zilimfikia Green. Alikuwa na mke, Eleanor, ambaye alikuwa Mzungu, na watoto. Katika jimbo alilozaliwa, ndoa yao ilikuwa haramu kisheria, na iliendelea kuwa hivyo mpaka mwaka 1967. Jeshini alikuwa na mshahara, cheo na nyumba. Akaacha kazi.

Hapo alikuwa ameshapita V1, kama unavyoona.

Akaanza kuandika barua. Wengine hawakumjibu, wengine walimjibu hapana. Fomu za mashirika wakati ule zilikuwa na sehemu ya kutaja rangi yako, na zilidai picha. Fikiria hilo kidogo. Ndege haijui rangi ya mkono unaoishika. Upepo wa ubavuni haukuangalii usoni kabla ya kuvuma. Lakini karatasi ilitaka kujua kabla ya mtu yeyote kukuuliza kama unaweza kuruka. Alipojaza fomu ya Continental Airlines, shirika lililokuwa na makao yake Denver, jimbo la Colorado, Green aliacha sehemu ya rangi wazi, na picha hakubandika. Yaliyobaki yalikuwa saa 3,000 na kitu, ukapteni, leseni. Wakamwita.

Ilikuwa Juni 1957. Kwa upande wetu wa dunia Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza na TANU haijatimiza miaka mitatu. Green akaenda Denver kwa usaili na kwa majaribio ya kurusha ndege. Mimi hapa, kama mwandishi wa riwaya, mkono unaniwasha. Nataka kuandika asubuhi ile: alivyofunga tai, alivyopiga viatu rangi, uso wa karani alipoinua macho na kuona ni nani aliyeandika fomu ile. Lakini hii si riwaya, na watu waliokuwapo si wahusika wangu, kwa hiyo najikanya. Kinachojulikana kinatosha. Alikuja pamoja na waombaji wengine, wote Wazungu, na alikuwa na saa nyingi kuwapita. Alipaa, akatua. Wale wenzake wenye saa pungufu wakachukuliwa kwenye mafunzo. Yeye hakuchukuliwa.

"Walimwambia nini?" braza akauliza.

Hapo ndipo kesi yenyewe ilipo. Colorado ilikuwa na sheria mpya ya mwaka huohuo wa 1957, iliyokataza mwajiri kumnyima mtu kazi kwa sababu ya rangi, na ilikuwa na tume ya kuisimamia. Green akapeleka malalamiko. Tume ikajaribu kwanza kusuluhisha, ikashindikana. Ikaitisha kikao, ikasikiliza mashahidi kwa kirefu, na mwisho ikatamka kwamba sababu pekee ya Green kuachwa ni rangi yake. Ikaliamuru shirika liache mtindo huo na limpe Green nafasi ya kwanza katika darasa la mafunzo litakalofuata.

Sasa utadhani mambo yameisha. Tume imesema, amri imetoka. La hasha! Mambo ndiyo kwanza yanaanza, maana shirika lilikwenda mahakamani, na hoja iliyolibeba huko haikuwa kwamba Green hajui kuruka. Ilikuwa hoja ya mipaka. Ndege, walisema, hutoka jimbo hili kwenda jimbo lile. Biashara ya kati ya majimbo ni mali ya serikali kuu. Leo Colorado ikisema lazima usibague, kesho jimbo jingine likisema lazima ubague, je, rubani atabadilishwa angani kwenye mpaka?

Ukiisikia mara ya kwanza utaona ina mantiki. Ndiyo maana inatisha. Na haikuwa mpya, ilikuwa na umri wa miaka themanini na zaidi na ilianzia majini. Mwaka 1872 mjane mmoja Mweusi aitwaye Josephine DeCuir alipanda meli ya moshi kutoka New Orleans kupandisha mto Mississippi. Alitaka kulala kwenye vyumba vya mabibi, wakamkatalia, akakesha kwenye kiti nyuma ya ukumbi. Louisiana wakati huo ilikuwa na sheria ya kukataza ubaguzi kwenye vyombo vya usafiri, kwa hiyo aliposhitaki mahakama za jimbo zilimpa fidia ya dola 1,000. Mwaka 1878 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamnyang'anya ushindi. Ikasema meli ile inapita majimbo mengi, na Louisiana peke yake haiwezi kuipangia abiria walale wapi. Sheria nzuri ikauawa kwa sababu mto ni mrefu. Na sasa, karne ya ishirini, watu walewale waliolazwa kwenye viti wakaambiwa kwamba hata anga ni ndefu.

Mahakama ya wilaya ya Denver ikakubaliana na shirika. Tume ikakata rufaa. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Colorado nayo ikakubaliana na shirika. Wakili wa Green, T. Raber Taylor wa Denver, hakuacha.

Miaka hiyo ya katikati waandishi wengi huipita kwa sentensi moja. Mimi nimeishi na rubani asiyeruka, kwa hiyo sitaipita hivyo. Ujuzi wa rubani si kama cheti cha kidato cha nne, ambacho ukishakipata unaweza kukikunja na kukiweka kwenye sanduku, ukakitoa baada ya miaka kumi kikiwa kilekile. Rubani huoza. Katika nchi nyingi, Marekani ikiwamo, anayebeba abiria sharti awe ameruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90. Kila mwezi anaokaa chini, mikono inasahau, na saa ya ndege ya kukodi ina bei ambayo asiye na kazi haiwezi. Braza hutumia kiti cha kulia chakula. Nimemwona usiku, taa zimezimwa, ameketi mbele ya ukuta, mkono wa kulia ukisukuma kitu kisichokuwapo, midomo ikitaja orodha ya ukaguzi, miguu ikikanyaga sakafu. Mara moja Mama alimkuta akarudi kunywa maji kesho yake asubuhi.

Green alikaa namna hiyo si miaka miwili bali minane kasoro miezi. Alibangaiza kazi hapa na pale, nyingine zisizo na uhusiano wowote na alichosomea, na familia ikiongezeka mpaka watoto sita. Kapteni wa jeshi. Saa 3,000. Na wakati huohuo wale wenzake wa Juni 1957 walikuwa wanaongeza saa kila wiki, wakipanda kwenye orodha ya vyeo, kwa sababu katika mashirika ya ndege cheo hufuata tarehe uliyoingia. Siku moja tu ya kuchelewa humfanya mtu kuwa nyuma ya mwenzake maisha yote.

Tarehe 22 Aprili 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu. Majaji wote tisa walikuwa upande mmoja. Siku mbili nyuma yake Martin Luther King alikuwa ametoka jela ya Birmingham, Alabama. Na aliyeandika hukumu alikuwa Hugo Black, mtu wa Alabama hiyohiyo, ambaye katika ujana wake wa siasa, miaka ya 1920, alikuwa mwanachama wa Ku Klux Klan. Ningeweka jambo hilo kwenye riwaya, mhariri angelikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: haiaminiki.

Hukumu yenyewe nimeisoma, si ndefu, na haina hotuba. Inasema hivi kwa maneno yangu. Ile hofu kwamba jimbo moja litasema ubague na jingine litasema usibague haipo tena, kwa sababu jimbo lolote likitunga leo sheria ya kulazimisha ubaguzi, sheria hiyo itakuwa inavunja katiba. Kwa hiyo hakuna sheria mbili za kugongana kwenye mpaka. Tena kuajiri mtu si sawa na kuwapanga abiria safarini; kazi hutolewa mahali pamoja, ofisini, Denver. Na sheria za serikali kuu kuhusu usafiri wa anga hazikuwa na nia ya kuzuia majimbo kupiga vita ubaguzi. Ndiyo basi. Kesi ya Josephine DeCuir na meli yake ikawekwa pembeni.

Sasa braza akapiga goti lake kwa kiganja. "Akaajiriwa!"

Nikamwambia ngoja.

Alishinda Aprili 1963, na kazini aliingia Januari 1965. Mambo hayo ya kutekeleza hukumu yalichukua karibu miaka miwili mingine. Na ndani ya miaka miwili hiyo lilitokea jambo ambalo kila nikilifikiria huwa sijui nicheke au nilie.

Alikuwapo rubani mwingine wa jeshi la anga, David Harris, mtu wa Columbus, Ohio, aliyerusha yale madege makubwa ya mabomu, B-47 na B-52. Alikuwa mtu Mweusi, lakini mweupe wa ngozi kiasi kwamba asiyemjua angemdhania Mzungu. Yeye angeweza kuacha kisanduku wazi, akaingia, akaajiriwa, na pengine asingeulizwa mpaka kustaafu. Hakutaka. Katika maombi yake alisema wazi kwamba ni mtu Mweusi. Hakutaka aajiriwe halafu wagundue. Mwaka 1964 American Airlines ikamwita kwenye usaili, na hata mle ndani, mazungumzo yalipokuwa yanakaribia kwisha, alimkumbusha msaili juu ya rangi yake. Harris mwenyewe alipenda kusimulia jibu alilopewa: msaili alitaja rangi ya kichekesho ambayo hakuna binadamu anayo, akasema hata angekuwa na hiyo, wao wanataka kujua kama anaweza kurusha ndege. Akaanza kazi Desemba 1964. Akawa mtu Mweusi wa kwanza kuajiriwa rubani na shirika kubwa la abiria Marekani. Mwaka 1967 akawa kapteni, akastaafu mwaka 1994 na kufariki mwaka 2024.

Je, msaili yule alisema vile kwa sababu ya moyo wake mwema? Inawezekana, simjui. Lakini najua kwamba mwaka 1957 swali lile lilikuwa linajibiwa namna nyingine kule Denver, na katikati ya majibu hayo mawili pana kesi moja iliyokwenda mpaka kwa majaji tisa, na mtu mmoja aliyekaa chini akioza. Green alikuwa ameusukuma mlango kwa bega miaka yote ile, na ulipofunguka mwenzake akapita kwanza, kwa mwezi mmoja tu! Simlaumu Harris hata chembe. Alisema ukweli wake na alistahili kazi. Nasema tu kwamba vitabu hupenda wa kwanza, na wa kwanza mara nyingi si yule aliyefika mlangoni mapema.

"Na Green?" braza akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

Green aliruka na Continental kuanzia mwaka 1965 mpaka 1978. Mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya kuingia, alikuwa kapteni, jambo linalokuonyesha alikuwa rubani wa namna gani, maana alikuwa ametoka kwenye miaka ya ukame. Kwa hiyo hesabu ni hii: kusubiri karibu miaka minane, kuruka kumi na mitatu. Alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 80. Februari 2010 Continental iliandika jina lake kwenye ndege yake mojawapo, Boeing 737. Mwaka huohuo shirika likaungana na United, na jina la Continental baadaye likafutika kwenye ndege zote.

Braza alinyamaza kwa muda mrefu. Mbu walikuwa wengi. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo yule aliyeacha wazi alikosa, na yule aliyejaza akapata."

Nikamwambia si hivyo, Harris alipata kwa sababu Green alishashinda, tena Green kama asingeacha wazi asingeitwa kabisa, na bila kuitwa kusingekuwa na kesi. Akasema anaelewa, lakini bado. Na mimi mwenyewe nilibaki na hiyo "lakini bado" kichwani mpaka nikalala. Kisanduku cha Green kilificha kitu ambacho hakikupaswa kuulizwa. Kisanduku cha braza hakifichi kitu, ni cheupe kwa sababu kweli hana mtu. Mama anaamini hiyo ndiyo aibu yenyewe. Mimi siamini hivyo, lakini Mama ameona kazi nyingi zikitolewa hapa mjini kuliko mimi, na vyeti vyangu viko kwenye bahasha tangu nimalize shule.

Siku ya usaili ilinyesha. Braza alitia daftari lake la saa kwenye mfuko wa nailoni, akalifunga, akalitia kwenye mfuko mwingine, kisha ndani ya shati. Mama alimsindikiza mpaka kituo cha daladala na mwavuli. Jina la mkwe hakulitaja tena, ingawa nilimwona anafungua mdomo mara mbili.

Alirudi saa kumi, viatu mkononi.

"Waliuliza V1?" nikamdaka mlangoni.

"Waliuliza."

"Na ile ya kutofautiana na kapteni?"

"Hiyo pia." Akaketi kwenye kiti changu cha ukurugenzi, kile cha waya. "Halafu mmoja wao, mama mtu mzima wa makamo, akashika ukurasa wa mwisho, akaniuliza mbona hapa hujajaza, umesahau?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia sijasahau. Sina mtu."

"Akasemaje?"

"Akaandika kitu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kijiko cha kupakulia. Akauliza ameandika nini. Braza akasema, Shangazi, karatasi ilikuwa imeelekea kwake, sikuona. Leo ni wiki ya sita. Simu yake anaichaji hata ikiwa imejaa.